Swali la Pili

Kitufe kililia ta gizani, kikanyamaza, kikalia tena. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na kompyuta ilikuwa ikila chaji yake ya mwisho.

"Nani huyo anachezea kompyuta yangu?" mshonaji aliuliza kutoka jikoni.

"Ni bibi," mwanawe akajibu.

Bibi alikuwa amefariki kabla ya mvua. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akichapa kwa kidole kimoja. Mshonaji alimletea mto wa kuegemea, maana mgongo wa mama yake aliujua.

Programu iliyokuwa kwenye skrini ilikuwa zoezi la mshonaji la darasa la jioni la kompyuta, kwa lugha ya programu iitwayo C: kumwandikisha mgonjwa. Iliuliza umri, halafu anaumwa wapi. Bibi aliandika umri, akabonyeza Enter. Swali la pili likatokea, na kabla hajainua kidole, chini yake pakaandikwa: Asante, kwaheri.

"Mashine yako haina adabu," bibi alisema. "Imeniaga sijafungua mdomo. Umeilea mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

"Inaonekana."

Kesho yake mwalimu alicheka. Kila anayeanza hulikosea hilo, alisema. scanf, amri ya kusoma jibu, ikishasoma namba, huiacha ile Enter palepale. Swali linalofuata linaiokota, linadhani ndiyo jibu. "Iondoe kwanza, ndipo uulize." Akamwongezea mstari mmoja wa getchar, amri ya kuiondoa Enter iliyobaki.

Njia nzima ya kurudi mshonaji alikuwa akiiona jioni ile ya mwisho ya mama yake: yeye mlangoni, mkoba begani, darasa linamkimbia. "Mama, umekula? Kichomi kimeisha?" Mama yake akasema, "Eeh, nimekula." Naye akaichukua eeh moja kwa maswali yote mawili, akavuta mlango. Aliporudi, chai ilikuwa imepoa, na mama yake pia.

Usiku bibi alikuja tena. Safari hii programu ilimsubiri, kijistari cha kuandikia kikiwakawaka bila haraka. Akaandika herufi mojamoja: ubavu wa kushoto, tangu juzi. Programu ikamshukuru, ikamuaga.

"Sasa imekua," bibi alisema, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mshonaji alisoma maneno yale mpaka yakafifia machoni. Akajifuta kwa kiganja, akahifadhi kazi yake.

"Mwanangu, umepiga mswaki? Jino limepoa?" aliuliza, macho kwenye skrini.

"Eeh, nimepiga."

"Haya, kalale mpenzi."

Mtoto hakuondoka. Alisimama pembeni ya kiti, mkono shavuni.

"Mama, jino bado linaniuma."