Mshona Mapazia na Mto Tulivu

Mshona mapazia alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu mumewe afariki yalikuwa yamepungua zaidi. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, ghorofani, ambako vitambaa vyepesi vilining'inia kutoka darini hadi sakafuni. Jua likipenya humo, chumba kizima kiligeuka rangi ya maziwa, naye akahisi kama anashona ndani ya wingu.

Alijiunga na kundi la washonaji kwenye simu ili ajifunze kupiga marinda. Humo ndimo alimokutana na mtu aliyejiita Mto Tulivu. Hakuwa mtu wa pupa. Alimsifia mshono, kisha akamfuata pembeni, wakawa wanaandikiana wawili tu. Alimuuliza ameota nini. Hakuna aliyewahi kumuuliza ameota nini. Akamsimulia ndoto ya pazia refu kama barabara, analikunja pindo na halifiki mwisho. Mto Tulivu akajibu kwamba siku moja atakuja kumshikia upande wa pili wa kitambaa. Mshonaji aliyasoma maneno hayo mara kumi, cherehani imenyamaza, mguu ungali juu ya kanyagio.

Maswali mengine yalikuja taratibu, kama maji yanavyopita chini ya mlango. Anaishi na nani. Binti yake hutoka shule saa ngapi. Siku zipi hubaki peke yake. Aliyajibu nusunusu, akiogopa kuonekana mkali. Kisha alasiri moja akaombwa picha ya dirishani, ili Mto Tulivu aone anachokiona yeye.

Akaipiga. Ilitoka nzuri ajabu, mtaa mzima umelala kwenye mwanga. Kidole kilikuwa kinaelekea kuituma alipoitazama kwa jicho la mgeni: kibao cha duka la dawa, nambari ya jengo la mkabala, na pembeni kabisa, geti la shule ya binti yake.

Aliifuta, akaandika kwa adabu: "Samahani, rafiki yangu. Ninapokaa na saa zangu simpi mtu nisiyemjua ana kwa ana. Tuzungumze mengine."

Mto ukafurika. Asali yote iligeuka shubiri. Aliitwa mjane mwenye maringo, mshamba asiyestahili hata salamu. Uso ukamwaka moto. Aliandika jibu lenye matusi ya kumtosha mtu mwaka mzima, akalitazama, akalifuta herufi moja moja. Akayahifadhi mazungumzo, kisha akamzuia asimwandikie tena.

Dada yake mkubwa, mkunga, alipita akitoka zamu. Mshonaji alimweleza yote, hata yale ya nusunusu, akisubiri kukaripiwa. Dada akavua viatu, akakaa juu ya robota la kitambaa.

"Mdogo wangu, mtu mwema ukimwambia hapana hageuki," alisema. "Huyu umemwambia mara moja tu, na ngozi ya kondoo imemdondoka."

Wakakubaliana mkunga awe anampitia mtoto shuleni, na mwalimu aelezwe. Kisha wakamwandikia msimamizi wa kundi, mzee mshona sare. Huyo aliulizia kimyakimya, akagundua wanawake wengine watatu walioombwa picha ya dirishani kwa maneno yaleyale, hata ile ahadi ya kushika kitambaa. Mto Tulivu akatolewa kundini, wote wakaonywa, na mazungumzo yakapelekwa polisi.

Ile ahadi ya kitambaa ndiyo iliyomchoma. Kwa siku kadhaa mshonaji alishona huku akimlilia mtu ambaye hakuwahi kuwako, na akaona haya kumlilia.

Ndipo mmoja wa wale watatu alipomwomba msimamizi ruhusa, akamwandikia mshonaji. Yeye picha aliituma. Sasa amebadilisha kufuli, amehamia kwa kaka yake, na bado hajathubutu kumwambia kaka sababu. Kila mtu, alisema, angemwona mjinga.

Mshonaji alikaa na simu mkononi, vitambaa vikipumua taratibu pande zote. Hakumuuliza kwa nini.

"Hata mimi nilishaipiga," akaandika. "Kilichobaki kilikuwa kidole tu."

Upande wa pili, yule mwanamke akaanza kuandika, na akaandika kwa muda mrefu.