Mikate Iliyoiva kwa Fidla

Mtaa mzima ulimwita Bi Mkate, na jina lilimkaa kama kofia aliyopimiwa. Mahali pake pa kazi palikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba: tanuri la matofali lenye mlango wa chuma, meza ndefu ya kukandia, na juu ya kabati la unga, redio kuukuu ya kaseti. Aliinunua mtumba, akakuta mwenyewe kasahau kaseti ndani. Fidla na piano, basi. Hakuna anayeimba.

"Hawa watu hawana la kusema?" wifi yake aliuliza siku ile ya kwanza. Wifi ndiye aliyekuwa mfinyangaji wa mikate, na mdomo wake haukujua likizo.

"Wanasema. Wewe hunyamazi ukawasikia."

Taratibu muziki ule ukawa mwenyeji. Wateja waliofika na haraka zao walijikuta wameegemea mlango, mabega yameshuka. Mama mmoja alikuja amevimba kwa ajili ya mkate uliopondeka. Fidla zikampoza, akaondoka na mikate miwili na ugomvi wake kausahau mezani. Mikono ya Bi Mkate nayo ikafuata. Piano ya polepole ilikuwa ya kukanda. Fidla zinazokimbizana zilikuwa za kufinyanga. Na ule wimbo mrefu wa mwisho, mpole kama mtu anayebembeleza mtoto, ulikuwa wa tanuri: ukianza, mikate inaingia, ukiisha, inatoka. Saa ya ukutani ilikuwa imeshakufa kwa mvuke, wala hakuna aliyeililia. Kufungua mlango wa tanuri katikati ya wimbo kulikuwa mwiko, maana joto lingetoka lote na mikate isiive.

Kitindamimba wake akapata mchumba. Wazazi walipokutana kupanga sherehe, mama wa bwana harusi, mwanamke mrefu muuza mapazia, aliyezoea kupima kila kitu kwa jicho, alisema kwa upole, "Mzazi mwenzangu, usijichoshe. Mikate ya wageni nitaagiza duka kubwa."

Hakukusudia ubaya, lakini lilichoma. Watoto wa mtaa mzima wamekulia mkate wa Bi Mkate, leo mwanawe wa kumzaa aolewe kwa mkate wa watu?

"Nipe nafasi," akajibu. "Asubuhi ya harusi pita kwangu uonje. Usiporidhika, gari liende dukani, na mimi sitanuna."

"Utanuna," wifi alimnong'oneza. "Nakujua."

Asubuhi yenyewe kulikucha mikono ikiwa kwenye unga. Nusu ya mikate ilikuwa tayari kuingia tanurini, nusu nyingine inaumuka kwenye trei. Wimbo wa tanuri ulipotaka kuanza, redio ikakohoa, ikaitafuna kaseti, utepe ukamwagika nje kama tambi.

Bibi harusi akaja mbio, rola kichwani, simu mkononi. Akatafuta, akatafuta. "Mama, huu hapa."

Bi Mkate akatega sikio. Ni wenyewe. Akasukuma mikate ndani, akafunga mlango, akashusha pumzi.

Muda ukapita. Wifi akanusa. "Nasikia harufu."

"Tulia. Wimbo haujaisha."

"Wifi, pua hii haijawahi kunidanganya."

"Na wimbo huu haujawahi kunidanganya mimi."

Ulipoisha, mlango ukafunguliwa. Mikate ilikuwa myeusi kama soli za viatu. Simu ikaendelea na wimbo mwingine, kwa adabu zake zote.

Bi Mkate akakaa juu ya gunia la unga. "Wimbo ni uleule," bibi harusi alisema, karibu kulia.

"Ni uleule, mwanangu. Wapigaji ndio wengine. Hawa hawana haraka, kila sauti wanaiaga kabla ya kuiacha."

"Wanakwenda kama bibi harusi kwenye zulia," wifi akasema, na hapo wakacheka, hawakupenda lakini wakacheka.

"Basi tutumie saa ya simu," binti akasema. "Huwa ni dakika ngapi?"

Wakatazamana. Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kuhesabu.

Trei zilizobaki zilikuwa zimeumuka, hazikuwa za kungoja. Bi Mkate akasimama. Akazima simu, akafumba macho, mguu ukaanza kugonga sakafu wenyewe. Akaingiza mikate, akaanza kuvumisha wimbo puani. Wifi akadakia fidla, sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta. Binti akashika piano, tim, ti-ti-tim. Wifi alipotaka kuukimbiza wimbo, Bi Mkate alimwinulia kidole, akarudi kwenye mstari.

"Hodi," ikasemwa mlangoni. Ni mama wa bwana harusi. Bi Mkate akamwonyesha kiganja: ngoja, hatujamaliza. Mgeni akabaki pale na mkoba wake. Kitambo kidogo kichwa chake kikaanza kuyumba.

Wimbo ukaisha. Mlango ukafunguliwa. Mikate ilitoka na rangi ya asali, mvuke wake mtamu ukajaza chumba. Mgeni akamega, akatafuna polepole, akamega tena bila kukaribishwa.

"Na hii myeusi?"

Bi Mkate angeweza kuifunika. "Hiyo imepikwa na wapigaji wengine," akasema, akaeleza yote toka mwanzo. "Kwa hiyo mzazi mwenzangu, nina nusu tu. Gari liende dukani. Sinuni."

Mama wa bwana harusi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaweka mkoba chini, akavua pete, akakunja mikono ya gauni.

"Sherehe ni alasiri, na unga naona upo. Gari haliendi popote. Nionyeshe pa kukanda, na mniambie mimi naimba kipande gani."

"Ana sauti?" wifi akauliza.

"Sina."

"Basi karibu, sisi sote hatuna."

Bibi harusi akachelewa kwa msusi. Aliyekwenda kumwombea radhi ni mama mkwe wake, unga mpaka kwenye nyusi, bado anavumisha piano.