Maji Yaliyosafishwa Mno

Tangi la samaki lilikuwa limefungwa shuka ya kunyolea, ile nyeusi yenye kamba ya shingoni, na kwa mbali lilionekana kama mteja mfupi, mnene, aliyesinzia akingoja zamu. Wateja walikwisha kulizoea. Walitundika makoti juu yake na kuegemeza miavuli ubavuni. Ni fundi viatu wa mlango wa pili tu ambaye hakuchoka kulichokoza.

"Kinyozi, huyu mteja wako mbona hasemi?" aliuliza asubuhi ile, kama kawaida yake. "Ulimnyoa mpaka roho ikatoka nini?"

"Huyo ana adabu. Anangoja zamu bila kelele. Ungejifunza kwake."

Watu wakacheka. Lakini kicheko kilikatika njiani, kwa sababu karibu na mlango alikuwa amekaa mdogo wake kinyozi, fimbo nyeupe imelala mapajani. Aligeuza uso kuelekea kule sauti zilikotoka, akauliza polepole:

"Kwani tangi limefunikwa?"

Mashine ya kunyolea iliendelea kunguruma peke yake.

Ndugu hawa wawili ndio waliofungua duka hilo la kunyolea, viti viwili mbele ya kioo kimoja kirefu. Mkubwa alisifika kwa usafi: kitana kilichoanguka sakafuni hakikurudi kichwani mwa mtu kabla ya kuoga dawa. Mdogo alisifika kwa tangi. Yeye ndiye aliyepanda mimea ndani yake, akatandika changarawe, akalea samaki wa dhahabu mpaka watoto waliolia wakiona wembe wakanyamaza wakiwatazama. Wateja walimbandika jina la Nahodha, likamganda hata nyumbani.

Kisha presha ya macho ikaja kwa hila, kama mtu anayeteremsha utambi wa taa kidogo kidogo ili wenyeji wasigutuke. Siku alipomkwaruza mteja sikio, Nahodha mwenyewe aliizima mashine yake, akaiviringishia waya, akaiweka kwenye droo. Kuanzia hapo alijifungia katika chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka yake.

Kinyozi alimbeba mdogo wake kama yai. Alimkatia nyama kwenye sahani, alimwondolea viti njiani, alishusha sauti kila alipomwona. Kuhusu samaki alijiambia kwamba ni ukatili kumtajia mtu kitu asichoweza tena kukiona. Alikuwa akiwatupia chakula anapokumbuka, na kwa kweli hakukumbuka sana. Wakafa mmoja mmoja. Alipomtoa wa mwisho alichomoa waya wa pampu, akalivika tangi shuka, na nyumbani hakusema neno. Kulinda na kuficha ni mapacha. Ukimlea mmoja, wa pili naye ananenepa humo humo.

Sasa dada yao mkubwa alikuwa amepiga simu: mwisho wa mwezi atakuja kumchukua Nahodha akakae kwake, penye uwanja mpana na pasipo magari. Nahodha alikubali kabla sentensi haijaisha. "Huko sitamzuia mtu kufanya kazi yake," alisema. Kinyozi alitaka kumwambia abaki, lakini kila alipofungua mdomo alitokwa na maneno ya huruma, na aliona wazi kwamba huruma ndiyo iliyokuwa ikimfukuza mdogo wake. Asubuhi hiyo Nahodha alikuwa ameomba aletwe dukani. Alikuja kuaga.

Fundi viatu alipoondoka, na mteja wa mwisho kabla ya chakula cha mchana akaondoka, wakabaki wawili.

"Nilipoingia nilisikia duka halipumui," Nahodha alisema. "Mapovu hayapo. Nikadhani ni masikio nayo yameanza."

"Samaki walikufa."

"Wote?"

"Wote. Konokono sijui."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini, mdogo wangu? Ulikuwa na yako."

"Ungeniambia samaki wana njaa, kaka." Hakupandisha sauti. "Mikono yangu haikupofuka."

Kinyozi alichukua ufagio akafagia mahali palipokwisha fagiwa.

Jumapili alifunga mlango kwa ndani, akavua shuka ile kwenye tangi. Harufu ya tope ilimpiga usoni. Kijani kilikuwa kimepanda vioo vyote, mimea imelala kama nywele zilizoloa, na konokono wawili walikuwa wakitambaa bila haraka, kana kwamba hawakuambiwa kwamba kuna msiba. Alikunja mikono. Alimwaga maji yote. Alichemsha changarawe. Alisugua vioo kwa wembe mkongwe mpaka vikalia. Sponji ya kichujio, iliyokuwa nyeusi tititi, aliiloweka katika ile dawa anayoulia vijidudu kwenye vitana na mikasi, akaikamua, akailoweka tena, mpaka ikatoka ya manjano kama siku iliyonunuliwa. Wakati anasugua alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi muda mrefu: kwamba kuna jambo analoweza kulitengeneza. Maji mapya alikuwa ameyaacha kwenye ndoo tangu jana yake, maana hilo la kuyapumzisha aliwahi kumwona mdogo wake akilifanya. Alipoyajaza na kuwasha pampu, tangi liling'aa kama kioo cha dirisha la duka la vito. Kesho yake alinunua samaki wanne wa dhahabu.

Siku chache baadaye alimwongoza Nahodha mpaka mbele ya tangi bila kusema kitu. Alitaka mapovu yaseme.

Nahodha alisimama, kichwa kimeinama upande. Tabasamu lilianza kwenye pembe ya mdomo, kisha likasita.

"Kuna samaki humu."

"Wapo wanne. Wazuri hao! Maji ni meupe, ungeona..." Kinyozi akajing'ata ulimi.

"Wako juu," Nahodha alisema. "Sikiliza. Chwa, chwa, chwa. Wanabugia hewa."

Kinyozi aliinama. Kweli, wote wanne walikuwa wamebandika midomo yao juu kabisa ya maji. Yeye alidhani wanamsalimu.

"Sponji uliiosha na nini?"

Kinyozi alijifuta mikono kwenye suruali.

"Kaka, niambie."

"Dawa. Ile ya vitana. Lakini niliisuuza vizuri sana!"

Nahodha alizamisha mkono, akaipapasa sponji, akaitoa na kuinusa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kinyozi alidhani analia, akamshika mkono. Kumbe anacheka, kicheko cha zamani kilichotoka tumboni, ambacho kuta zile zilikuwa zimekisahau.

"Umelinyoa tangi, kaka! Umelinyoa upara!"

"Sasa uchafu ule ungekaa wa nini?"

"Uchafu ule ndio uliokuwa hai. Ndani ya sponji wanakaa wadudu wadogo wasioonekana, na kazi yao ni kula sumu inayotoka kwenye mavi ya samaki. Umewaua wote kwa usafi wako."

"Wasioonekana? Ningewajuaje basi?"

"Hapo ndipo tulipo sawa, mimi na wewe." Alijifuta machozi. Uso ukarudi kuwa wa kazi. "Toa nusu ya maji, weka yaliyopumzika. Usiwape chakula leo. Hii sponji ina dawa, itupe, tutaweka mpya. Halafu twende kliniki ya meno."

"Kliniki? Nani anaumwa?"

"Tukaombe uchafu."

Kliniki ilikuwa mwisho wa mtaa, na pale mapokezi kulikuwa na tangi ambalo Nahodha aliwahi kulihudumia. Kinyozi alimshika kiwiko kama alivyozoea. Hatua chache tu Nahodha akajinasua, akaweka mkono wake begani kwa kaka yake. "Hivi ndivyo," alisema. "Wewe tembea tu, usinisukume kama mkokoteni."

Mhudumu wa mapokezi alisimama alipowaona. "Nahodha! Sisi tulijua umehama mji!"

"Shikamoo, mama. Bado nipo. Tumekuja kuomba uchafu wenu."

Wagonjwa waliokuwa kwenye viti waligeuka. Mzee mmoja aliyevimba shavu alicheka, akajutia palepale, akajishika taya.

Nahodha alikunja mkono wa shati, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kinyozi alimtazama. Vile vidole ambavyo nyumbani vilitambaa mezani kwa woga vikitafuta kikombe, humu majini havikuuliza njia. Viligusa jani, vikapima shina, vikafika kwenye sponji. Aliikamulia ndani ya chupa, maji meusi kama chai iliyozidi majani.

"Nusu tu," alisema. "Nusu tuwaachie wenyewe. Na huu mmea wa kushoto mama, ukateni, unawanyima wenzake mwanga."

"Njoo uukate mwenyewe," mhudumu alijibu. "Huyu tunayemwita siku hizi anaosha kwa sabuni."

Kinyozi alikohoa.

Walirudi dukani vivyo hivyo, kaka mbele. Mkono wa mdogo wake ulikuwa mwepesi begani, na kinyozi alishangaa kugundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiongozwa. Kila mkono ule ulipokaza, alipunguza mwendo. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema. Alikuwa amekitafuta kichwa cha mwingine cha kukitengeneza, na hakuwahi kuuliza kama nywele zake mwenyewe zimefunika macho.

Walimwaga uchafu ule juu ya sponji mpya. Tangu hapo Nahodha alikuja dukani kila asubuhi. Alichota maji kwenye kiganja, akayanusa kabla hata ya kusalimia watu. Maji yenye sumu, alimfundisha kaka yake, huchoma puani. Maji machanga hayanuki chochote. Maji hai hunuka udongo ulionyeshewa mvua.

"Leo Nahodha kanusa nini?" fundi viatu aliuliza.

"Nimenusa soksi zako. Rudi mlangoni."

Kabla wiki ile haijaisha, kinyozi alimkuta samaki mmoja amelala ubavu kwenye changarawe. Alimtoa, akamfunga kwenye karatasi, akasimama naye mkononi. Nahodha alikuwa hajafika. Ingekuwa rahisi sana kuficha; pampu inatoa mapovu yale yale. Aliposikia fimbo ikigonga kizingiti, alitangulia kusema.

"Mmoja amekufa."

"Yupi?"

"Yule mwenye doa mgongoni."

Nahodha aliinamisha kichwa. Kisha alinyoosha mkono, naye kinyozi akauweka mzigo ule mdogo kiganjani mwake.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Lete ndoo."

Mwisho wa mwezi dada yao alifika, mkoba begani, jasho la safari usoni, sauti yake imemtangulia tangu kwa fundi viatu. Aliwakumbatia wote wawili, akawalaumu wote wawili kwa kukonda.

"Haya, bwana mdogo, mizigo iko tayari? Gari linaondoka saa nane."

Nahodha alikuwa kwenye tangi. Alichota maji kwenye kiganja, akayaleta puani. Alinusa muda mrefu, mrefu kuliko siku nyingine zote. Kinyozi alizima mashine. Mteja aliyenyolewa nusu hakulalamika.

"Haya maji bado, Dada," Nahodha alisema.

Dada yao alisogea akainama, pua karibu iguse kioo. Samaki watatu walimjia wakichezesha mikia.

"Bado nini? Mbona mimi naona maji safi kabisa?"

"Ndiyo shida ya kuona."

Dada alikawia kucheka, kama mtu asiyejua iwapo ameruhusiwa. Kisha alimgeukia kinyozi. "Eti? Maji bado?"

Kinyozi aliwatazama wale samaki, wanene, watulivu, wakipasua maji kama wanaopita nyumbani kwao. Harufu ya udongo ulionyeshewa ilimfikia hata pale aliposimama.

"Muulize Nahodha," alisema. "Tangi ni lake."

Dada yao aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. Halafu alishusha mkoba begani, akausukuma chini kwa mguu, akakaa kwenye benchi la wanaongoja zamu.