Mguu wa Kushoto wa Mjomba

Tusidanganyane: fundi akikosea, gari ndilo husingiziwa. Gari likikataa, husingiziwa dereva. Ndivyo nilivyomfanyia mjomba wangu, kaka yake mama, mtu aliyenifundisha kuendesha kabla sijaota ndevu.

Mjomba ni mwalimu wa udereva. Miaka thelathini na moja yuko na kigari kilekile cha gia za mkono, kimefifia mpaka hujui kilikuwa cha bluu au cha kijani. Asubuhi moja akakileta gereji kwangu, jasho linamtoka.

"Mpwa wangu, mlimani kinapiga kelele lakini hakiendi. Halafu kinanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati."

Nikakipima. Nikavuta handibreki, nikaweka gia ya tatu, nikaachia klachi taratibu. Klachi nzima ingezima injini palepale. Hii wapi! Injini ikaendelea kunguruma, gari limetulia tuli. Klachi inateleza, hilo halina ubishi. Swali lilikuwa kwa nini, na hapo ndipo mdomo wangu ulipotangulia akili.

"Mjomba, una miaka sabini na mbili. Mguu wako wa kushoto umekuwa mzito. Unaulaza juu ya pedali bila kujua, klachi haishiki sawasawa, sahani ya klachi inaungua. Gari halina kosa."

Nilisema mbele ya wateja wawili, tena kwa sauti, maana nilikuwa na njaa na kazi zimenijaa. Mmoja akacheka. Mjomba akautazama mguu wake kama vile umemwibia kitu.

"Mimi? Ninayewakemea wanafunzi kila siku kwa kosa hilohilo?"

"Uzee hauna dawa, mjomba."

Eti nikajiona nimesema la maana! Akaniachia funguo, akaondoka kwa miguu. Jioni mkewe akanipigia simu: wanafunzi wote wanne amewakabidhi kwa mwalimu mwingine. Kasema mpwa wake ni fundi, hawezi kumdanganya.

Kesho yake nikashusha giaboksi. Sahani ilikuwa nene bado, imeungua kidogo tu ukingoni, ya kutumika miaka mingine miwili. Nikakuna kichwa. Ndipo nikainama chini ya dashibodi, nikabonyeza pedali kwa kidole. Pedali ya klachi inatakiwa iingie kidogo bure kabla haijaanza kuvuta waya. Hii haikuwa na bure hata chembe. Waya ulikazwa mno, ukawa unaivuta klachi muda wote, mguu uwepo usiwepo. Na nati ya kurekebishia ilikuwa na alama ya rangi nyeupe, ile ninayoweka kwenye kila nati niliyoikaza kwa mkono wangu. Miezi miwili nyuma niliukaza waya huo mwenyewe ili klachi ishike pedali ikiwa juu, kwa sababu wateja wanapenda hivyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nilianza kwa kumhukumu mzee.

Nikarudisha giaboksi, nikalegeza nati, nikapima tena. Injini ikazima mara moja. Gari limepona. Sasa ningempigia simu, si ndiyo? Thubutu! Siku tisa nzima nikamwambia spea haijapatikana. Aibu ilinikaba, jamani. Kila alipopiga alisema, "Pole na kazi, mpwa wangu," nami nikaitikia, "Asante, mjomba," kama mtu mwema.

Siku ya kumi nikampelekea gari. Nikamkuta sebuleni, amekaa kwenye kiti, kiatu kakivua, anauinua mguu wa kushoto na kuushusha, huku mkewe akimhesabia.

"Mara mia asubuhi, mia jioni," mkewe akasema.

Mjomba akatabasamu. "Nauzoeza, mpwa wangu, ili usinigombeze tena."

Nikapiga magoti na grisi zangu. Nikamwambia yote: waya, nati, ile rangi, siku tisa za uongo. "Mguu wako ni mzima, mjomba. Kosa ni langu. Nisamehe."

Aliyenisema ni mkewe, na alinisema mpaka akaishiwa pumzi. Nilistahili. Kisha mjomba akavaa kiatu, tukatoka nje. Akakaa kwenye usukani, akawasha, akaingiza gia ya kwanza, akaanza kuachia klachi. Mguu ukamtetemeka, akaunyanyua ghafla kana kwamba pedali ni ya moto. Gari likaruka, likazima. Akajaribu tena, likazima tena. Mara ya tatu hakuwasha.

"Umesema mguu wangu hauna tatizo?"

"Hauna, mjomba. Haki ya Mungu, hauna."

Akalipapasa paja lake polepole.

"Basi uambie wewe. Mimi siku kumi nauambia umezeeka, na umeshaamini."

Akashuka, akazunguka mbele ya gari, akaingia upande wa abiria. Akafunga mkanda, akasubiri niendeshe.