Doa Lililomshinda Bi Sugua

Kwenye kituo cha utafiti wa bahari walimwita Daktari, ingawa maishani mwake hakuwahi kumdunga mtu sindano. Wagonjwa wake walikuwa matumbawe, na ukimsikia akiyazungumzia ungedhani ni ndugu wa damu waliolazwa. Mumewe alikuwa amesafiri kikazi, akamwachia nyumbani mgeni wa heshima, yaani mama yake mzazi. Huyo mama mkwe ujanani alisimamia wafua nguo wa hoteli kubwa, na ukoo mzima ulimwita Bi Sugua. Hakuonewa kwa jina hilo.

Haikuchukua muda Bi Sugua akawa ameimaliza nyumba. Alisugua sufuria hadi ukajiona uso, akasugua nyavu za madirisha, akasugua hata balbu. Alipokosa cha kusugua akaanza kulalamika viungo.

"Mwanangu, nipeleke huko kazini kwako," alisema. "Nikikaa bure mikono inaniuma."

Mkwe gani angesema hapana? Daktari akampeleka, akamkalisha kwenye chumba cha matangi, akamsihi asiguse yale mabeseni meupe ya watoto wa matumbawe, kisha akakimbilia kikaoni. Na Bi Sugua, kwa haki yake, hakuyagusa mabeseni.

Daktari aliporudi alikuta vigae vyote vya utafiti vimetolewa tangini na kupangwa juu ya taulo, vikavu, vyeupe pee. Mama mkwe alikuwa amejishika kiuno, chupa ya siki miguuni, anatabasamu.

"Usinishukuru," alisema. "Vilikuwa vimeota ukoko hata nikaona aibu kwa niaba yenu. Siki kidogo na brashi ya waya, vyenyewe vikakubali."

Daktari aliokota kigae kimoja, akakigeuza upande wa pili.

Ule ukoko ndio uliokuwa mali. Vigae vile vilikuwa vimening'inizwa baharini tangu majira ya baridi, makusudi vishike utando wa rangi ya waridi, ambao kumbe ni mwani mgumu kama chokaa. Mtoto wa tumbawe anapozaliwa huogelea, mdogo kama chembe ya mchanga, akitafuta pa kushika. Akishashika hahami tena hadi kufa kwake, kwa hiyo huchagua kwa makini kuliko mpangaji yeyote mjini. Akiuonja ule ukoko wa waridi hutulia. Kigae kisafi kwake ni jangwa.

Na hawa waliokuwa mabesenini hawakuwa watoto wa hivi hivi. Msimu wa joto uliopita bahari ilipata homa. Matumbawe yakavitapika vijimea vinavyoishi ndani yake, vile vinavyoyalisha na kuyapa rangi yao ya matope, na karibu mwamba wote ukapauka ukafa. Yalibaki matumbawe machache makaidi ambayo, hata sijui nisemeje, yalikataa tu. Hayo ndiyo yaliyoletwa tangini, yakawazaa hawa. Huzaa mara moja kwa mwaka, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba joto jingine lingeyakuta hai. Watoto nao walikuwa wamebakiza siku chache za kuogelea. Wasiposhika wangekufa, na ule ukaidi wa wazazi wao usingepata mrithi.

Tusidanganyane, Daktari alikuwa na hasira ya kupasua tangi. Angekuwa dada yake, au hata mume, angempa makavu pale pale. Lakini mama mkwe humpi makavu. Akasema, "Ahsante, Mama," akatoka nje nyuma ya pampu, akalia huku amejiziba mdomo kwa kanga ya mkwewe, iliyolowa kwa kusugua na kuanikwa pale.

Mkuu wa kituo alipoingia, miwani kichwani kama kawaida yake, hakuhitaji kuelezwa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, Mkuu," Daktari alijibu kutoka mlangoni, macho mekundu. "Kosa langu."

"Mwaka mzima, Daktari! Mwaka mzima!" Akatoka, mlango ukapiga kelele kwa niaba yake.

Bi Sugua hakuwa mjinga. Aliyaona macho mekundu ya mkwewe, tabasamu likamwisha.

"Mbona umejitwisha mzigo wangu?"

"Sikukueleza, Mama. Nilikuacha tu hapa."

"Basi nieleze sasa."

Daktari akamweleza, polepole. Akavisuuza vigae kwa maji ya bahari, akavitumbukiza mabesenini, akampa mama mkwe kioo cha kukuzia. Wakainama wote wawili. Vitoto vilikuwa vikishuka, vinagusa kigae, vinazunguka kidogo, vinaondoka. Vikaja vingine. Navyo vikaondoka.

"Kwa hiyo nimewavunjia nyumba," Bi Sugua alisema.

"Hukujua, Mama."

"Sikuuliza." Akaweka kioo chini, akaanza kutafuta mkoba wake. "Mimi nirudi kwangu, mwanangu. Nitamwambia mwanangu wa kiume, huyo mumeo, kwamba nimepata udhuru."

"Mama, kaa."

"Nikae niharibu nini kingine? Na hata hiyo kazi yenyewe sikuimaliza. Kuna doa huko nyuma ya tangi la wazazi, kwenye kona ya bomba. Nimelipigia magoti, nimelimwagia siki, brashi haifiki vizuri, limegoma kabisa. Ndiyo maana nikahamia kwenye vigae, nitoe hasira zangu. Gumu kama jiwe, rangi ya waridi hivi, kama..."

"Rangi gani?"

"Ya waridi."

Daktari alikuwa chini kabla jibu halijaisha. Alijipenyeza nyuma ya tangi, tochi mdomoni, nywele zikizoa utando wa buibui. Kwenye kona, palipokuwa na mvujo uliolowesha ukuta wa bwawa dogo la maji ya bahari yanayotoka tangini, ukoko ulikuwa umejaa, mnene, wa waridi, mzima. Juu ulikuwa na michubuko ya brashi. Chini yake siki haikuwa imefika.

"Mama!" sauti yake ilitoka huko ndani. "Una nguvu za mikono?"

"Unaniuliza mimi?"

Mkuu aliporudi kuchukua simu aliyoisahau, alikuta wanawake wawili wamelala kifudifudi kwenye maji, miguu minne imetokeza nyuma ya tangi, mmoja anabandua kwa patasi na mwingine anapokea vipande kwa bakuli. Akauliza ni nini hiki. Akaonyeshwa kipande. Akashusha miwani kutoka kichwani, akakitazama, akaenda kutafuta patasi ya pili.

Walivunjavunja ule ukoko kuwa vipande vidogo, Bi Sugua akapewa kazi ya kuvinyunyiza juu ya vigae vyake vyeupe.

"Mungu anisamehe," alisema akinyunyiza. "Uzee huu, namwaga uchafu kwa mikono yangu mwenyewe."

Kesho yake asubuhi alikataa chai hadi wafike kituoni. Daktari alitazama kwanza, akampisha kwenye kioo. Pembeni mwa vipande vya waridi, na hata juu yake, vitoto vilikuwa vimeshuka na kutulia, vimejibana bapa kama vifungo vya shati. Si vyote. Vingi vilikuwa vimekufa usiku ule. Lakini waliobaki walikuwa wengi kiasi kwamba Bi Sugua alipoanza kuwahesabu alipotewa na hesabu, akaanza upya, akapotewa tena, akacheka hadi akalazimika kuketi.

Bi Sugua alirudi kwake mara mume wa Daktari alipofika. Vigae vilikaa matangini hadi watoto wakapata nguvu, vikapelekwa mwambani. Bi Sugua alikuwa akipiga simu kila wiki kuulizia vitoto, na mwanawe alinung'unika kwamba siku hizi haulizwi hata kama amekula.

Kisha joto likarudi. Bahari ikapandwa na homa ile ile, na Daktari akazamia kuwakagua wale watoto, maana tumbawe lililoshindwa hupauka. Alikaa chini muda mrefu. Alipopanda botini hakuvua hata mitungi ya hewa, akaomba simu.

"Sema," Bi Sugua alijibu kabla ya salamu. "Wamekuwa weupe?"

"Hapana, Mama." Daktari alikuwa analia na hakujiziba mdomo safari hii. "Wana rangi ya matope. Wachafu vile vile."

"Wachafu kabisa?"

"Kabisa, Mama."

"Basi mtu asiwasugue," alisema Bi Sugua. "Waambie nimesema mimi."