Udi Usio na Moshi

Kuhusu ule wali mimi sikukosea. Naliweka hili mbele ili mtu asinisikilize huku anangoja niombe radhi. Mkwe wa dada yangu Sabika alitupakulia wali wa nyama una kiini, punje inakatika chini ya jino, nami nikasema, "Huu umeiva, au tunaungoja?" Wanawake wakacheka. Dada hakucheka. Aliinuka, akaingia jikoni, na kabla chai haijaletwa akarudi na chetezo, makaa mekundu, udi unafuka juu yake. Akakipitisha chini ya mtandio wangu mimi peke yangu, kisha akakirudisha jikoni.

Kwetu Kuwait hata mtoto anajua maana yake. Nyumba hufukizwa kabla wageni hawajafika, hilo ni jambo jingine. Lakini chetezo akiletewa mgeni mwenyewe, amekaa, ni mwisho wa mambo: ameshakula, ameshakunywa, ajifukize aage. Udi ukifuka, mgeni huinuka; mama yetu alikuwa akisema hivyo. Kumletea mtu chetezo kabla ya chai ni kumfukuza bila kufungua mdomo. Nilichukua baibui langu nikatoka, na tangu hapo miaka ikapita hatujuliani hali. Mimi na yeye, ambao tumebaki wawili tu kwa mama yetu.

Mwaka huu, mwezi wa Shaaban ulipoanza, binti yangu Tiba akaja na habari. Yeye hajawahi kukata mguu kwa mama yake mkubwa, nami sikumkataza. Akaniambia Sabika anahamia Doha kwa mwanawe Barrak, anahama kabisa, na hataki kuingia kwenye mfungo akiwa na kinyongo na ndugu yake. Atapita kwangu alasiri, Alhamisi ya mwisho kabla ya Ramadhani.

"Kasema atakunywa chai," Tiba akasema. "Akiona mambo mazuri, basi. Akiona dharau, anakwenda zake Doha na hapa harudi."

"Kasema harudi?"

"Mama, nakupa maneno yake kama alivyoyasema. Usinikazie macho mimi."

 Toka siku ile nilikuwa nasimama katikati ya sebule naangalia makochi kama mtu aliyepoteza kitu. Na jambo lililonikosesha raha kuliko yote lilikuwa harufu. Dada alipatwa na pumu baada ya ugomvi wetu, na daktari alimkataza moshi wa aina yoyote: sigara, makaa, udi. Harufu yenyewe haimdhuru, maana anajipaka marashi mpaka ukiingia kwenye lifti unajua alipanda saa ngapi. Ni moshi ndio unamkaba. Sasa nitampokeaje? Nikifukiza, hata kama ni asubuhi, mapazia yataushika, atakohoa mlangoni, aseme nimemtegea. Nisipofukiza, atasema nyumba ya Mudhi inanuka vitunguu, hata kufukiza ameona ni kazi.

"Mshumaa," Tiba akasema.

Tiba hutengeneza mishumaa ya glasi jikoni kwangu, anaiuza kwa simu kwa wasichana wenzake. Nilikuwa nikimcheka, namwuliza kama umeme wa nchi hii umekatika. Siku ile sikucheka. Nikamwambia nataka wa udi, na sitaki wa kunong'ona, nataka mtu akiingia sebuleni ajue kaingia kwa watu.

Akanipangia nta mezani. Ya kwanza nyeupe, inang'aa. "Hii ni ya petroli."

"Ya visima vyetu? Basi imekwisha, tuchukue ya kwetu."

"Harufu inairusha, hilo siwezi kulikataa. Lakini tazama." Akawasha mshumaa wa nta ile, akashika sahani nyeupe juu ya moto. Sahani ikaota doa jeusi. Nikaona kifua cha dada yangu mle ndani ya lile doa, nikasema ondoa. Ya nyuki nayo aliikataa mwenyewe, eti ina harufu yake ya asali, itagombana na udi. Akasukuma mifuko miwili ya mwisho mbele yangu. "Hizi ni za soya. Masizi yake ni haba sana."

"Soya ile maharage?"

"Ndiyo hiyo."

"Nimpokee dada yangu kwa maharage. Haya. Kwa nini mbili?"

Moja ilikuwa ngumu, vipande vyake vikavu, safi. Nyingine laini, ukiibonyeza inashika kidole kama samli ya baridi. Tiba akasema ile laini ndiyo ya glasi, inabeba mafuta mengi ya manukato na inayaachia vizuri. Ngumu ni ya mishumaa ya kusimama yenyewe. Mimi nikaiangalia ile laini nikaiona kama kitu kilichokwisha kuharibika. Nikachagua ngumu. Tiba akatengeneza mmoja kwa mafuta ya udi ya dukani. Kesho yake tukauwasha. Nilikaa mbele yake saa nzima. Harufu niliyoipata ni ya kiberiti.

"Usiniambie kitu," nikamwambia.

"Sijasema kitu."

Tukaingia kwenye laini. Nao kesho yake nikauwasha, ukanuka kidogo, tena mpaka uuinamie. Nikasema mafuta hayatoshi, ongeza. Tiba akasema nta ina kiasi chake. Alipotoka nikatengeneza wangu, nikamimina kama mtu anayemimina samli juu ya uji wa ngano. Asubuhi mshumaa ulikuwa unatoka jasho, madimbwi ya mafuta yamekaa juu, utambi umelowa, nikiuwasha unatapatapa unazima. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikalia. Mtu mzima nalilia maharage.

Tiba akanikuta hivyo. Akaufuta uso wangu kwa taulo la vyombo, kisha akaniuliza, "Mama, achari unaila siku unayoitia kwenye chupa?"

"Nani anakula achari ya siku moja?"

"Basi na hii hivyo hivyo. Soya inataka ipumzike, wiki mbili, ndipo nta na mafuta vishikane. Wewe unaifunika leo, kesho umeshaifungulia kesi."

"Na hukuniambia kwa nini?"

"Niliambiwa nisikuambie kitu."

Tukahesabu. Tukiumimina siku ile, ungemaliza kupumzika Alhamisi yenyewe ya mgeni. Hakuna kujaribu, hakuna wa pili. Nitajua umefaulu au umenitia aibu dada akiwa ameshakaa.

Hapo ndipo nilipokwenda kabatini nikatoa kichupa cha mama. Mafuta ya udi wa zamani, mazito, meusi, ambayo mama alikuwa akitupaka nyuma ya masikio asubuhi ya Idi. Alipofariki Sabika alichukua bangili, mimi nikachukua kichupa, na tulikubaliana vizuri, hilo angalau hatukuligombania. Nilikuwa nikifungua kizibo mara moja kwa mwaka, nikinusa tu.

"Mama, una hakika?" Tiba akauliza. "Yakishaingia kwenye nta hayatoki."

"Mimina kabla sijageuza nia."

Akayeyusha nta laini polepole, akaangalia kipimajoto, akachanganya mafuta ya mama na ya dukani kiasi kile kile nta inachobeba, akakoroga bila haraka. Alipomaliza alikikung'uta kichupa. Mlikuwa hamna kitu tena. Tukauweka mshumaa kabatini, nami kila siku nikawa nafungua mlango wa kabati nautazama, na Tiba kila siku ananiambia nauamsha.

Alhamisi ikafika. Niliswali adhuhuri nikiwa sijui nimesoma nini. Kulikuwa na jambo moja: kiyoyozi cha sebule kinapuliza, na moto ukipulizwa unatoa masizi, hilo Tiba alinionya. Akasema pia mshumaa hautoi harufu yake yote mpaka nta ya juu iyeyuke mpaka ukingo wa glasi. Kwa hiyo nikauwasha mapema ndani ya stoo, pasipo upepo, nikaufungia humo. Nakumbusha kwamba nilifikiria kila kitu. Kiyoyozi, masizi, utambi, kila kitu.

Sabika akaja. Amekonda. Tulipeana mkono na shavu, shavu kavu, akakaa kwenye ukingo wa kochi na mkoba mapajani kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

"Hujambo, Mudhi?"

"Sijambo, dada. Barrak?"

"Mzima."

 Nikamwuliza joto, akasema joto. Nikazima kiyoyozi, nikasema kinapiga kelele. Chai ya maziwa na zafarani ilikuwa bado haijachemka, nilimsikia Tiba anahangaika na sufuria. Nikaona ukimya utatumeza, nikamwambia ngoja kidogo, nikaenda stoo.

Nilipofungua mlango, harufu ilinipiga usoni. Jamani, ilikuwa Idi. Ilikuwa mama amesimama. Nikauweka mshumaa kwenye sinia dogo la shaba, nikatembea taratibu kwa sababu nta iliyoyeyuka ilikuwa inacheza mpaka ukingoni, macho kwenye moto, namwomba Mungu nisijikwae kwenye zulia. Nikafika. Nikainama, nikauweka mbele ya dada yangu, karibu kabisa, apate yote.

Nikainua uso nikiwa natabasamu.

Sabika alikuwa amekuwa mweupe. Aliutazama moto, akanitazama mimi, akatazama meza ambayo haikuwa na hata kikombe. Akasimama.

"Nimekuelewa, Mudhi," akasema. "Haki yako. Umengoja muda mrefu."

Akavuta baibui lake mabegani akaelekea mlangoni. Ndipo nikaona nilichokifanya. Udi, umebebwa kwa sinia, umewekwa mbele ya mgeni, kabla ya chai. Wiki nzima na wiki nzima nimepigana na moshi, moshi, moshi, na moshi ulikuwa si kitu. Niliona aibu mpaka masikio yakaziba.  Nilitaka kuuzima ule mshumaa nikajua haitasaidia, sebule nzima imeshajaa. Nilitaka harufu kali, nimeipata.

Alikuwa ameshashika kitasa niliposema, "Dada, umekohoa?"

"Nini?"

"Tangu nilipokuja na hiki. Umekohoa?"

Akabaki na mkono kwenye kitasa. Nikaona mabega yake yanapanda, anavuta pumzi ya kujaribu, ndogo, kama mtu anayeonja chai asiungue. Akavuta nyingine, ndefu. Tiba alikuwa ametokeza na sinia la chai, akasimama pale pale.

"Makaa yako wapi?" Sabika akauliza.

"Hakuna makaa. Ni mshumaa. Ni maharage."

"Maharage?"

"Soya, mama mkubwa," Tiba akasema. "Haina moshi. Ameutengeneza kwa ajili ya kifua chako. Alilia jikoni."

"Wewe nyamaza," nikamwambia.

Sabika akavuta pumzi tena, na safari hii uso wake ukabadilika. "Hii ya mama."

"Ndiyo."

"Ya kichupa."

"Ndiyo."

"Ulitia kiasi gani?"

"Yote, dada."

 Alifungua mkoba, akatafuta kitambaa, hakukiona, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, sikujali. Nikamwambia, "Rudi ukae basi. Nakuomba."

"Siwezi. Umeshaniletea udi."

"Dada, sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Lakini mama alisema udi ukifuka mgeni huinuka, na mimi nikikaa usiku huu atanijia ndotoni na kiatu." Akamgeukia Tiba. "Lete hiyo chai hapa."

Basi tukanywa chai mlangoni, tumesimama, karibu na viatu. Tulikula keki ya iliki tumesimama. Tiba alileta kiti, tukamfukuza nacho. Dada akanieleza nyumba ya Doha, chumba chake kinatazama wapi, mkwe wake anavyomkagulia dawa. Magoti yalituuma wote wawili, kila mmoja anaegemea ukuta wake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Jua lilipokuwa linashuka alisema tu, bila kunitazama, anakung'uta makombo kwenye kifua cha baibui:

"Ule wali ulikuwa mbichi."

Kwa miaka yote ile nilikuwa na jibu la maneno hayo, nimelinoa, nimeliweka. Nikaliacha lilipo.

"Haukuwa mbichi sana," nikasema.

Akacheka, akanishika bega ili asianguke. Adhana ya magharibi ikaanza. Akavaa viatu, akanielekeza kwa kidevu sebuleni, ambako mshumaa ulikuwa unawaka peke yake mbele ya makochi matupu.

"Kauzime usiishe," akasema. "Nitakwenda nao Doha."