Kishikwambi cha Nasambu

...la nani sasa, jina la nani, si kijana ameuliza tu, "Mzee, hapa tunaandika jina la nani, lako ama la mtoto?" na Wabuge, karani wa stoo ya mahindi anayeandika majina ya watu kutoka asubuhi mpaka jioni, ameshikwa na kigugumizi hapa kwa kaunta ya duka la simu katikati ya mji wa Eldoret, kidole cha huyu kijana Irungu kiko hewani juu ya skrini, kinangoja, na kishikwambi chenyewe kinawaka hapo kati yao, kipya, hakina hata alama ya mkono... kishikwambi, jameni, hilo jina nalo! alipolisoma mara ya kwanza kwa meseji ya Madam Cherono, "Mzazi mpendwa, kazi za likizo zitatumwa kwa mtandao, mtoto akiwa na kishikwambi nyumbani itamsaidia," yeye alijua moja kwa moja ni yale mambo ya mtaala mpya, si juzi walikuwa wanatafuta katani, kabla ya katani ilikuwa manyoya ya kuku mweupe, kabla ya manyoya udongo wa kufinyanga, mzazi anazunguka sokoni utadhani yeye ndiye mwanafunzi, basi akitoka kazini akapitia kwa akina mama wa vikapu na vyungu, akauliza bila aibu, "Mama, uko na kishikwambi?" na yule mama hakupepesa hata jicho, "Ilikuwa hapa, imeisha asubuhi, jaribu Alhamisi," imeisha! na yeye akashukuru, akaomba awekewe moja, ya saizi ya mtoto wa gredi ya tano, akafika nyumbani Munyaka akamtangazia mkewe Nanzala kwamba mambo yako sawa, kishikwambi kinakuja Alhamisi, na Nasambu, binti yake, akainua kichwa kutoka kwa daftari, akasema polepole kama mtu anayempa mgonjwa habari, "Papa, kishikwambi ni tablet," na Nanzala akaacha ugali kwa moto, akaja akashika mlango ndio acheke vizuri, mpaka leo akitumwa dukani anaambiwa na ukipata kishikwambi leta viwili.

"Mzee?" anasema Irungu, na Wabuge anajibu, "Ngoja kitoko," maana ulimi wa kwao Bungoma ndivyo ulivyo, d inakuwa t, g inakuwa k, b inakuwa p, na mtu mwenyewe hasikii tofauti hata ukimwambia... ngoja kidogo, afikirie, ingawa alikuja na jibu tayari, alilibeba kutoka nyumbani, ataandika jina lake yeye, paswadi yake yeye, ndivyo alivyoshauriwa na Kipngetich wa mizani pale stoo, Kipngetich amenunulia watoto wake vyao na anaongea kama aliyevitengeneza, usichukue ya nafasi ndogo, Wabuge, itajaa wiki ya kwanza halafu inakwama kama trekta kwa tope, usidanganywe na rangi, uliza betri, uliza kama bado inapokea yale marekebisho mapya, chomeka chaja uone kama inacheza kwa tundu, isilale chumbani na mtoto, ikae sebuleni mahali watu wanapita, na paswadi ni ya mzazi, skia, ya mzazi, mtoto akitaka kuingia aje kwako, na Nanzala naye akaongeza lake, kava ya mpira, nene, mtoto wako anaangusha hata kijiko, wote wamesema ukweli, na yote ameyafanya, ameuliza betri, amechomeka chaja, kava ya mpira iko hapo, ya samawati, mbaya, nene kama soli ya gambuti... aje kwako, hilo neno la Kipngetich ndilo lililomkaa, mtoto akitaka kuingia aje kwako, na Wabuge alilishika kwa mikono miwili, na si kwa ajili ya usalama, aseme tu ukweli, hapa hakuna mtu anamsikia, ni kwa sababu anaogopa, mwanaume mzima anaogopa kitu chembamba hivi, kwamba kikishaingia nyumbani Nasambu hatakuja tena.

Maana jioni ndivyo ilivyo, kazi yote ya shule inafanywa kwa simu yake yeye, ile ya kioo chenye ufa, baada ya chai Nasambu anakuja na daftari, anasukuma mkono wa baba kama anayefungua lango, anaingia hapo chini ya kwapa, anaegemea, anashika simu upande mmoja na baba upande mwingine, na wanasoma hivyo, vichwa viwili, mtoto ana harufu ya sabuni na vumbi la shule, na miguu yake ambayo zamani ilikuwa haifiki chini siku hizi inafika, ai, inafika na kupita, na anauliza, yule mtoto anauliza! Papa hii ni nini, Papa mbona hii iko hivi, na Wabuge anapenda kuulizwa, pale stoo hakuna anayemuuliza kitu ila gunia ngapi, lakini nyumbani yeye ni mtu wa kuulizwa, na sasa huyu kijana mzuri, hana kosa, amemwambia huku akitabasamu, "Hata kuandika si lazima, mzee, mtoto anaiuliza tu kwa mdomo inamjibu, jaribu," na yeye akainama, akakohoa, akaiuliza kama kuna mvua Bungoma, ikatoka Punkoma, na kitu kikazungusha kale kaduara kake kikifikiria, halafu kikamletea namna ya kupunguza homa! pumzika, kunywa maji mengi, meza dawa, Irungu akajikaza asicheke, midomo ikamshinda, wakacheka wote wawili, lakini ndani kitu kilimchoma Wabuge, anaiuliza tu inamjibu, na baba mwenye ulimi mzito ataulizwa nini tena, hata mashine imesikia Bungoma ikaona huyu mzee ana homa.

Nasambu hajawahi kumsikia vibaya, hata siku moja, yeye mwenyewe alipokuwa gredi ya pili alipewa jaza pengo, Papa anaishi, halafu nafasi tupu, akajaza Munyaka, kwa mwandiko mzuri, Papa anaishi Munyaka, na Madam wa wakati huo akapiga mkasi mkubwa mwekundu, ile alama ya kukosa, akaandika juu yake baharini, mtoto akaja nyumbani amevimba mashavu, "Papa, wewe ni samaki?" na ikabidi afungue kamusi ya zamani ndio agundue kwamba Waswahili wa pwani wana samaki mkubwa mwenye meno anayeitwa kile anachoitwa yeye nyumbani kwake kila siku, akamwambia la Madam ni sawa na lako ni sawa, na kwa hesabu ya nyumba hii wewe umepata yote, na Nasambu akaridhika, akaenda kucheza... gredi ya pili, ilikuwa juzi tu, inaenda wapi hii miaka. Na jana, jana jioni tu, alimuuliza, "Papa, popo ni ndege ama ni mnyama?" na Wabuge bila kusita, kwa sauti ya mzazi, "Ntege, si unaona anaruka," na mtoto akacheka mpaka akashikwa na kwikwi, akajipiga kifua, "Papa! popo ni mnyama, ananyonyesha watoto, Madam ametufunza leo asubuhi!" na yeye akajifanya amekasirika, sasa kama unajua, unaniuliza nini, na Nasambu akasema, "Nataka tu," akarudisha kichwa chake begani na wakaendelea na hesabu... nataka tu...

Ngoja. Ngoja kwanza. Alikuwa anajua. Alikuwa na jibu lake mfukoni tangu asubuhi na bado akaja akauliza, na kishikwambi je, kishikwambi pia alikijua, na udongo wa mfinyanzi, ule aliouliza Jumapili, mbona akatikisa kichwa kabla baba hajamaliza, na neno la sinonimu, na sayari, ah, huyu mtoto, huyu mtoto ni mjanja kweli! ni lini Wabuge amewahi kupata hata moja, akumbuke vizuri, popo alikosa, sayari alikosa, hesabu za sehemu wanaita Nanzala, kama Nasambu angekuwa anatafuta majibu angeshahama zamani, angeenda kwa jirani, angeenda kwa mama yake, na hajahama, kila jioni anasukuma mkono anaingia, anauliza kitu anachokijua, anamuuliza mtu asiyekijua, nataka tu, na Wabuge amesimama hapa na paswadi ya kumvuta mtoto ambaye hajaenda mahali, na anaficha uso, anajifanya anasoma maandishi ya kwenye kava, samawati, mpira, maji hayaingii, mbele za watu jameni, mzee mzima, mtu atafikiri ni bei... "Mzee, jina?" anasema Irungu, kwa heshima tu, nyuma kuna mama anasubiri zamu yake na simu mkononi, na Wabuge anamsikia, atamwambia, ni jina la mwenyewe, la Nasambu, litakuwa la nani lingine, atamwambia sasa hivi, lakini kwanza anakivuta kishikwambi kwake, hakitazami kutoka mbele, anakisukuma kulia kidogo, mahali ambapo mtoto wa gredi ya tano angekishikilia kwa mikono miwili, kisha anainamisha kichwa, anapunguza bega la kulia kama mtu aliyeegemewa, na anaangalia kutoka kando, maana hilo Kipngetich hakumwambia, wala Madam, wala mtu yeyote hakumwambia aangalie kama ukikaa pembeni unaona, na anaona, anaona herufi zote mpaka ile ndogo ya mwisho.